Kuchomelea manifoldi ya ekzosi ya gari la kujiundia: mwongozo kwa anayeanza

Karibu kila anayetaka kutengeneza manifoldi yake mwenyewe (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kila silinda ya injini) huanza na swali lile lile: niweke ampea ngapi? Jibu lipo, utalikuta kwenye hatua ya 8, na nimeliweka mbali makusudi. Manifoldi za nyumbani zinazovuja au kupasuka ni nadra kuharibiwa na ampea. Huharibiwa na pengo la milimita mbili ambalo fundi alidhani atalijaza kwa waya, au na flenji (bamba linalofunga mabomba kwenye injini) iliyopinda kwa sababu ilichomelewa ikiwa haijafungwa popote. Ukikata na kulinganisha vizuri, kuchomelea kwenyewe ni kazi fupi. Ukikata ovyo, hata mashine ya gharama haitakufaa.

Ninachoeleza hapa ni manifoldi ya injini ya petroli yenye silinda nne kwenye mstari mmoja, isiyo na tabo (kisukumahewa kinachozungushwa na moshi), iliyowekwa kwenye gari dogo la kujiundia la mtindo wa Lotus Seven ya 1957: boneti nyembamba, chasi ya mabomba, nafasi finyu. Injini ya gari kama hilo imetoka kwenye gari jingine kabisa, na manifoldi ya kiwandani iliyokuja nayo hugonga ama chasi ama shafti ya usukani. Ndiyo maana tunajitengenezea. Kama injini yako ina tabo, usifuate vipimo vya hapa. Manifoldi ya tabo hubeba uzito na joto zaidi, na inahitaji mabomba mazito.

Na kama hujawahi kushika mashine ya kuchomelea hata siku moja, jifunze kwanza kwenye vipande bapa, kisha kwenye mabomba chakavu. Manifoldi si somo la kwanza.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Tuanze na chuma chenyewe, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Una njia mbili: chuma cha kawaida au stenlesi. Stenlesi inapendeza na haili kutu upesi, lakini ina tabia mbili zinazomtesa anayeanza. Ya kwanza, hutanuka zaidi: stenlesi ya 304 hutanuka karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida kwa joto lile lile. Bomba la mm 600 likipanda nyuzi 600 za Selsiasi hurefuka kwa zaidi ya mm 6. Ya pili, haisambazi joto vizuri, kwa hiyo joto hukaa pale ulipochomelea na kipande hupinda. Juu ya hayo inataka agoni (gesi ya kukinga mshono na hewa) ndani ya bomba wakati wa kuchomelea. Ushauri wangu: ya kwanza tengeneza kwa chuma cha kawaida. Ikila kutu baada ya miaka, utakuwa umeshajua kutengeneza nyingine.

Kwa injini ya lita 1.6 hadi 2.0 ya kutembelea barabarani, mabomba ya silinda yenye kipenyo cha nje cha mm 38 hadi 42 yanatosha, na tokeo la kolekta, yaani pale mabomba yote yanapokutana kuwa moja, la mm 50 hadi 57. Unene wa ukuta uwe mm 1.5 hadi 2. Anayeanza achukue mm 2 akiipata: ni nzito kidogo, lakini inasamehe mkono unaotetemeka.

Nunua kona zilizopindwa kwa mandreli, yaani zile ambazo kipenyo chake hakibonyei pale zinapopinda. Kona za nyuzi 90 na za umbo la U ndizo zenye faida, kwa sababu unaweza kukata kipande cha pembe yoyote kutoka humo. Ongeza mabomba yaliyonyooka ya kipenyo hicho hicho.

Usitumie bomba la maji lenye zinki, hata ukipewa bure. Zinki huchemka kwenye nyuzi kama 907, na chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500; maana yake ni kwamba kabla chuma hakijayeyuka, zinki yote imeshakuwa moshi mweupe unaouvuta. Moshi huo huleta homa na kutetemeka usiku ule ule, na mshono unabaki na vitobo. Kukwangua nje tu hakusaidii, maana na ndani imepakwa.

Vifaa vingine:

- Mashine ya MIG (inayosukuma waya yenyewe) au TIG (yenye ncha ya tangsteni, waya unaulisha kwa mkono). Fito za kawaida zinawezekana kwenye ukuta wa mm 2, kwa fito nyembamba za mm 2, lakini ni kazi ya mkono uliokomaa.
- Bamba la chuma la mm 10 kwa ajili ya flenji, na bamba jingine nene zaidi (mm 20 au zaidi) au hedi mbovu (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) ya injini kama yako, kwa ajili ya kufungia flenji wakati wa kuchomelea.
- Grenda yenye diski nyembamba za mm 1, jiliwa, tupa za duara na za bapa, drili.
- Gasketi mpya ya ekzosi, nati na stadi mpya (boliti zisizo na kichwa zinazokaa kwenye hedi).
- Waya mgumu au nondo laini ya mm 4 hadi 6 ya kupindia kielelezo cha njia.
- Klampu kadhaa za mpira wa maji, zile za kukaza kwa bisibisi. Utaona kazi yake.
- Rula ya chuma iliyonyooka, fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia pengo) na kalamu ya kuchoria chuma.
- Asetoni na matambara safi.

Usalama, na usiruke hapa

Kosa moja linaweza kukuua: kusafisha bomba kwa dawa ya kusafishia breki kisha kuchomelea. Baadhi ya dawa hizo zina klorini. Zikikutana na joto na mwanga wa kuchomelea hutoa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Tumia asetoni, ikauke kabisa, kisha weka chupa mbali na cheche.

Vaa helmeti yenye kioo cha namba 10 au 11, glavu za ngozi, na nguo za pamba zinazofunika shingo na mikono. Fungua milango. Mafusho ya stenlesi yana kromu yenye madhara, hivyo barakoa ya kuchuja mafusho ni ya lazima hapo, si ya hiari. Agoni nayo ni nzito kuliko hewa na hukaa chini, kwa hiyo usifanye kazi ndani ya shimo la gereji.

Ukishikiza vipande (kuvishika kwa nukta ndogo za kuchomelea) vikiwa kwenye gari, chomoa betri pande zote mbili, chomoa alteneta na kompyuta ya injini, na uweke klampu ya ethi kwenye flenji yenyewe, karibu na unapochomelea. Ukiiweka mbali kwenye chasi, umeme utatafuta njia kupitia beringi na nyaya. Ondoa tangi la petroli na mipira yake, funika faibaglasi na mipira ya breki kwa blanketi la kuzuia moto, na uwe na kizima moto karibu. Ziba matundu ya moshi ya hedi kwa vipande vya bati: cheche moja ikikaa kwenye siti ya valvu, utakuja kufungua hedi.

Hatua kwa hatua

1. Weka kila kitu mahali pake. Injini ikae kwenye mipira yake halisi, gia boksi imefungwa, shafti ya usukani, stata, chujio la oili na boneti viwepo. Manifoldi iliyopimwa kwenye gari tupu haitaingia kwenye gari lililokamilika.

Halafu tazama wapi pa kupita. Acha angalau mm 25 kutoka kwenye chasi, na mm 50 au zaidi kutoka kwenye nyaya, mipira ya breki na faibaglasi. Pasipowezekana, weka ngao ya bati katikati. Kumbuka injini hucheza juu ya mipira yake. Hakikisha plagi zinatoka, kijiti cha oili kinatoka, na spana inafika kwenye kila nati ya flenji. Hili la spana ndilo linalosahaulika kuliko yote. Chukua spana yenyewe uijaribu kwa mkono, macho yanadanganya.

2. Tengeneza flenji. Kama kuna karakana ya kukata kwa leza au plazima, wape mchoro na uokoe siku nzima. La sivyo, tumia gasketi kama kielelezo, lakini matundu ya boliti yapime kwenye hedi yenyewe, kwa sababu matundu ya gasketi huwa yamelegea. Kwa stadi za M8 toboa mm 9. Flenji iwe kipande kimoja kwa sasa, tutaikata baadaye.

Tundu la moshi kwenye flenji lisiwe dogo kuliko la hedi. Ukingo unaoingia kwenye njia ya moshi ni kama kizingiti mlangoni: kila gesi inayotoka inajikwaa. Kinyume chake hakina shida. Bomba likiwa pana kwa milimita moja au mbili kuliko tundu la hedi, ni sawa.

3. Tengeneza mdomo wa bomba. Matundu mengi ya hedi si duara. Ni ya yai au ya mstatili wenye pembe za mviringo. Pima mzingo wa tundu la flenji kwa uzi, linganisha na mzingo wa bomba. Vikikaribiana, bana mwisho wa bomba kwenye jiliwa taratibu hadi uchukue umbo. Bana kidogo, jaribu, bana tena. Bomba liingie ndani ya flenji na liishie mm 1 hadi 2 kabla ya uso unaokaa kwenye gasketi. Nafasi hiyo ndiyo utakayochomelea kutokea ndani.

4. Pinda kielelezo cha waya. Kwa kila silinda, pinda waya mgumu upite katikati ya njia bomba litakapopita, kutoka kwenye flenji hadi kolekta. Anza na silinda iliyo mbali zaidi na kolekta, kwa sababu ndiyo isiyo na uchaguzi. Ukinyoosha waya baadaye utajua urefu wa bomba.

Watu hupoteza usingizi juu ya urefu sawa. Kwa gari la barabarani, tofauti ya mm 25 kati ya bomba na bomba hutaisikia, na mm 50 pengine pia. Heri bomba fupi kidogo linalotoka bila kugusa kitu kuliko mabomba manne yaliyolingana yanayochoma usukani.

Mpangilio wa kolekta una maana zaidi. Mpangilio wa kuwaka wa injini nyingi za namna hii ni 1-3-4-2. Ukikusanya mabomba manne kuingia moja, yapange kwenye kolekta ili ukizunguka duara uyakute kwa mfuatano huo: 1, 3, 4, 2. Ukipendelea manne kuingia mawili kisha moja, unganisha 1 na 4, halafu 2 na 3. Lakini angalia kitabu cha injini yako, usikisie.

5. Kata na ulinganishe. Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua muda.

Kona hukatwa kwenye mstari unaoelekea katikati ya mpindo wake, kama spoki ya gurudumu inavyoelekea kwenye ekseli. Ukikata nje ya mstari huo, mdomo unakuwa yai, haulingani na kipande kinachofuata, na hapo ndipo pengo linapozaliwa. Zungushia bomba klampu ya mpira wa maji, ikaze mahali unapotaka kukata, na uchore kando yake. Klampu hukupa mstari uliokaa sawa kuzunguka bomba lote. Kata nje kidogo ya mstari, malizia kwa tupa au diski ya msasa.

Toa makombo ya ndani. Kisha simamisha vipande viwili, mwanga nyuma yake, utazame. Mwanga usipenye. Kwa TIG nataka vipande vigusane kabisa. Kwa MIG pengo la nusu milimita linavumilika. Zaidi ya hapo, kata kipande kingine. Najua kona ina bei, lakini bomba lililotobolewa na kuzibwa mara tatu lina bei zaidi.

Safisha nje na ndani, angalau sentimita 2 kutoka ukingoni, hadi chuma king'ae. Kwa stenlesi tumia brashi na diski ambazo hazijawahi kugusa chuma cha kawaida, la sivyo mshono utaota kutu.

6. Shikiza kwenye gari. Funga flenji kwenye hedi ikiwa na gasketi ya zamani. Jenga bomba moja moja kutoka kwenye flenji kwenda nje, ukifuata waya wako. Kila kiungo kipe nukta mbili ndogo kwanza, utazame mwelekeo, usogeze kwa mkono kama inahitajika, ndipo uongeze mbili nyingine: juu, chini, kushoto, kulia. Nukta ziwe ndogo lakini ziwe zimeshika kweli. Nukta inayovunjika ukiwa juu ya injini hupoteza mpango mzima.

Kabla ya kuendelea na kiungo kinachofuata, chora mstari unaokatiza kiungo, ukaupe namba. Kiungo kikija kuvunjika, mistari hiyo itakurudisha pale pale.

Kwenye flenji shikiza kwa nukta chache tu kwa sasa. Utahitaji kuyatoa mabomba moja moja, maana yakiwa yote manne mahali pake tochi haifiki katikati.

7. Kolekta, kisha jaribio la kutoa. Kolekta iliyotengenezwa tayari ni pesa iliyotumika vizuri. Ukitengeneza mwenyewe, funga mabomba manne mawili juu ya mawili, chomelea yanapogusana, ziba tundu la katikati kwa kipande kidogo cha piramidi, kisha funika kwa koni inayoshuka hadi kipenyo cha tokeo. Usiache tundu la katikati. Halionekani ukimaliza, na litavuja milele.

Njia rahisi zaidi ni kolekta ya kuchomeka: midomo yake ni mipana kidogo, inavaa juu ya mabomba kwa mm 30 hadi 40, na inashikwa kwa springi. Inaruhusu mabomba kutanuka, na inafunguka.

Sasa fungua nati na utoe manifoldi yote ikiwa imeshikizwa tu. Inatoka? Inarudi? Kama inagoma, huu ndio wakati wa kukata kiungo na kubadili. Wengine hugundua wakati huu kwamba lazima injini inyanyuliwe ili manifoldi itoke; kama unaweza kuishi na hilo ni juu yako, mimi siwezi.

8. Chomelea mezani. Tenganisha bomba moja moja kutoka kwenye flenji na uvichomelee viungo vyake vyote.

Kanuni ya kuanzia kwa TIG ni ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Ukuta wa mm 1.6 ni kama ampea 60. Bomba hupata joto haraka, hivyo anza na 50 hadi 55 na uongeze. Umeme uwe wa DC, tochi kwenye hasi, tangsteni ya mm 1.6 au 2.4 iliyochongwa kali, agoni tupu lita 7 hadi 10 kwa dakika. Kwa MIG, waya wa mm 0.8, ampea 60 hadi 80, gesi ya agoni iliyochanganywa na kabonidioksaidi. Namba hizi ni za kuanzia. Chomelea mabaki ya bomba lile lile, yakate katikati, utazame ndani: unataka mstari mwembamba ulioyeyuka upande wa pili. Usipouona, joto ni dogo. Ukiona matone yananing'inia, umezidisha.

Waya wa kujazia: ER70S-6 kwa chuma cha kawaida, ER308L kwa stenlesi 304, na ER309L ukiunganisha bomba la stenlesi na flenji ya chuma cha kawaida.

Chomelea robo ya mzunguko, hamia robo ya upande wa pili, kisha malizia mbili zilizobaki. Bomba likizungushwa mfululizo hujivuta upande mmoja. Ukifika mwisho wa mshono usikate moto ghafla. Punguza polepole na uongeze tone la waya, la sivyo shimo la mwisho hupasuka likipoa. Mshono ulionyanyuka usiusage uwe sawa na bomba kwa ajili ya sura, unasaga nguvu yake.

Kwa stenlesi: ziba miisho ya bomba kwa mkanda wa alumini, toboa kitundu upande mmoja, ingiza agoni upande wa pili kama lita 5 kwa dakika, subiri hewa itoke, ndipo uanze. Usipofanya hivyo, ndani ya mshono hutokea magamba meusi yanayovunjika, na hapo ndipo ufa utakapoanzia.

9. Flenji. Funga flenji kwenye bamba nene au hedi mbovu kwa boliti zake zote. Rudisha mabomba kwa kufuata alama zako, uyashikize, ujaribu tena kwenye gari kabla ya mshono kamili. Ndiyo, tena.

Bamba la mm 10 na bomba la mm 1.6 havipokei joto kwa kiasi kimoja. Ongeza ampea hadi 90 au 110 kwa TIG, elekeza moto kwenye flenji, na uliache dimbwi la chuma kilichoyeyuka lenyewe lisambae kuligusa bomba. Ukielekeza kwenye bomba utalitoboa, na flenji haitakuwa imeyeyuka kabisa. Chomelea kipande cha mlango wa 1, hamia wa 3, rudi wa 2, nenda wa 4, ili joto ligawanyike. Mshono wa nje ndio unaobeba nguvu.

Acha ipoe kabisa ikiwa bado imefungwa. Isiguswe, isimwagiwe maji. Baada ya hapo fungua na uchomelee mshono wa ndani kwa vipande vifupi, ukiifunga tena kila upatapo nafasi. Mshono huo ndio unaozuia kuvuja.

Weka rula ya chuma juu ya uso wa flenji na upitishe fila geji. Itakuwa imepinda kidogo, karibu zote hupinda. Isawazishe kwa tupa kubwa, kwa msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene, au ipeleke kwenye mashine ya kusawazishia hedi. Lenga isipitishe geji ya mm 0.1. Kisha kata flenji katikati ya kila tundu la moshi na jingine kwa diski nyembamba. Hedi ya alumini na flenji ya chuma hazitanuki sawa; vipande vilivyotengana havipiganii stadi.

10. Nati ya sensa na mihimili. Sensa ya oksijeni huingia kwenye nati ya M18x1.5. Ichomelee baada ya kolekta, upande wa juu, sensa ikiwa imeinama angalau nyuzi 10 kutoka usawa ili maji ya mvuke yasiikalie. Wakati wa kuchomelea funga boliti chakavu ndani yake ili nyuzi za ndani ya nati zisipinde. Usitumie sensa yenyewe.

Uzito wa sailensa usining'inie kwenye stadi za hedi. Weka mhimili kutoka kolekta hadi kwenye injini au gia boksi, vitu vinavyotikisika pamoja. Kama sailensa imefungwa kwenye chasi, iwe kwa mipira, na weka bomba la kunyumbulika katikati.

11. Jaribu uvujaji, kisha funga. Ziba milango ya flenji kwa mpira na bamba, ingiza hewa ya shinikizo dogo kwenye tokeo, paka maji ya sabuni kwenye kila mshono. Mapovu hayadanganyi. Funga kwa gasketi mpya na nati mpya kwa kipimo cha kitabu cha injini. Washa, iache ipate moto, zima, ipoe kabisa, kaza tena.

Kuhusu rangi: ya joto kali, ichomwe kwa hatua kama kopo linavyosema. Vile vitambaa vya kuzungushia mabomba sivipendi kwenye chuma cha kawaida. Vinashika unyevu na kulipandisha joto bomba, na chini yake kutu inafanya kazi usiyoiona.

Ikikusumbua

*Mshono una vitobo.* Upepo unapeperusha gesi, chuma ni kichafu, au bomba lina zinki. Funga mlango ulio upande wa upepo lakini usijifungie bila hewa. Saga mshono wote wenye vitobo, usipake mwingine juu yake.

*Bomba linatoboka kila mara.* Tazama pengo kwanza, ampea baadaye.

*Manifoldi haiingii tena kwenye stadi.* Mishono imevuta mabomba. Panua matundu ya boliti ya flenji hadi mm 9.5 au 10. Kama bado, pasha bomba moja joto hadi liwe jekundu kwenye kona, lisogeze, liache lipoe lenyewe.

*Ufa kando ya mshono wa flenji.* Mara nyingi ni uzito unaoning'inia au mtikisiko. Toboa tundu la mm 3 mwisho wa ufa, saga, chomelea upya, kisha tafuta mhimili uliokosekana. Bila mhimili ufa utarudi pale pale.

*Inatoa tik-tik ikiwa baridi, ikipata moto inanyamaza.* Flenji inavuja, na chuma kikitanuka kinaziba. Kaza nati kwanza. Isiponyamaza, toa flenji uipime upya kwa rula na fila geji.

*Inapasua milio unapoachia mafuta, au kompyuta inasema mchanganyiko una hewa nyingi.* Hewa inaingia kabla ya sensa. Rudi kwenye maji ya sabuni, na anzia kolekta.

*Bomba linawaka jekundu injini ikiwa imesimama tu.* Hapa usiitazame mishono. Tazama muda wa cheche za plagi, kama umechelewa, na mchanganyiko wa mafuta. Likiwa bomba moja tu, anza na plagi na injekta ya silinda hiyo.